Mama Alipunga Kitambaa, Mimi Sikuwamo

Mlio huja kwanza. Helikopta yenyewe bado huioni, imefichwa na maghorofa ya Mwiki, huku Ruiru, na nyaya za stima, lakini mabati ya duka yanaanza kutetemeka na misumari inanong'ona ndani ya makopo. Mimi husimama hapo nyuma ya kaunta na kuhesabu. Kutoka juu ya Ruiru hadi juu ya Kiganjo, kule Thika, ni dakika sita au saba. Dakika hizo zikiisha, kwa karibu miaka miwili, mama yangu alikuwa akitoka mbio nyumbani kwake ili anipungie kitambaa.

Mimi sikuwamo. Sijawahi kuwamo katika hata moja ya zile helikopta alizozipungia. Kosa ni langu peke yangu, na naliandika bila jina kwa sababu jina langu limenichosha.

Wacha nianzie mbali kidogo, unielewe.

Mama alitoka upande wa Kakamega akiwa msichana, akaja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Baba alifariki mapema. Tulibaki watatu katika chumba kimoja cha kupanga pale Kiganjo: mama, mimi, na dada yangu Nekesa. Nilipopata nafasi ya kusomea urubani wa helikopta Afrika Kusini, kanisa zima lilichanga. Siku ya kuniaga waliniwekea mikono kichwani, mikono mingi, mizito, hadi shingo ikaniuma. Bado inaniuma nikiikumbuka.

Huko nilifanya vizuri mwanzoni, sitadanganya kwa hilo. Kuna asubuhi moja niliruka peke yangu. Chini yangu kulikuwa na majani makavu yenye rangi ya simba, na kivuli changu kikinifuata juu yake kama mbwa mdogo. Nilipiga picha kwenye kiti cha rubani nikamtumia mama. Aliiweka kwenye simu yake na akaichapisha pia kwenye karatasi, akaitundika ukutani juu ya jiko.

Kilichonishinda ni kitu kimoja. Katika mafunzo, mwalimu hukuzimia nguvu ya injini mkiwa angani. Makusudi. Hapo una kama sekunde mbili, usizidishe, za kushusha chini wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaoipandisha na kuiteremsha helikopta. Ukiushusha unaanza kuteremka, ndiyo, lakini upepo unaotoka chini unayazungusha mapanga ya juu ya helikopta, nawe unatua salama bila injini. Ukiuvuta juu kwa sababu unaogopa kupoteza kimo, mapanga yanachoka, na ukianguka hapo unaanguka kama jiwe.

Mimi niliuvuta juu. Kila mara. Kichwa kilijua, mkono ukakataa. Mwalimu wangu alikuwa mzee mkimya, na kila mara aliushika wenzo wake akatuokoa. Niliufanya mtihani mara tatu. Mara ya tatu tulipotua, alizima kila kitu, akangoja hadi mapanga yakasimama kabisa, akaniambia, "Kijana, huwezi kukubali kushuka. Rudi nyumbani."

Nikarudi nyumbani. Na ndani ya ndege nilikariri maneno: mama, nimeshindwa. Maneno mawili tu. Niliyakariri hadi yakalainika mdomoni kama ubani uliotafunwa sana.

Lakini wamama wa kanisa walikuwa wamefika uwanja wa ndege na nyimbo. Walinivisha shada la karatasi za kung'aa. Mama alikuwa mbele kabisa, na kichwani amefunga kitambaa cha manjano kipya, cha rangi kali, ile ya ua la alizeti.

"Sasa baba," akaniuliza, maana sisi mama humwita mtoto wa kiume baba akimpenda, "ukiwa huko juu utatuona sisi tuliobaki chini?"

Sekunde mbili nilikuwa nazo. Nikavuta juu.

"Mkisikia mlio juu ya Kiganjo," nikasema, "tokeni nje mpunge. Huenda ni mimi."

Wakapiga vigelegele. Sentensi moja hiyo, na miaka miwili ikaingia ndani yake.

Nilipanga chumba Mwiki, nikamwambia mama kwamba marubani hukaa karibu na Nairobi. Nikapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari na kukata mabati. Jumamosi nilisugua kucha kwa mswaki. Jumapili nilivaa shati jeupe lenye mistari mabegani, lile la mafunzo, nikaenda Kiganjo kula chakula cha mama. Aliwahi kunishika kiganja akakigeuza.

"Mikono ya rubani ni migumu hivi?"

"Ni ule mtambo, mama. Unashika kwa nguvu."

"Pole, baba." Akaleta mafuta ya kujipaka, akanipaka mwenyewe.

Pale kwenye ploti alipopanga mama, waliomwita Mama Nekesa sasa walimwita Mama Rubani. Muuza mboga alimwita hivyo, mchungaji pia, na mtoto wa jirani anayejifunza kusema. Aliomba wapangaji wenzake wasianike nguo katikati ya uwanja, wasije wakamziba nisimwone. Wakakubali, wakaanika pembeni. Siku moja alitoka bafuni na povu masikioni na leso imefungwa upande, akapunga hadi helikopta ikapotea kuelekea Murang'a. Nekesa alinisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka.

Nekesa alikuwa akijua. Alinifumania dukani mwezi wa nne tangu nirudi, nimevaa koti la kazi la kijivu.

"Mwambie," alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Wewe bro, wiki yako ijayo ina miguu. Ukiifikia, imeshahama."

Sikumwambia. Nilikuwa nimejizoesha: mlio ukipita juu ya Ruiru, nahesabu dakika zangu, nangoja simu. Mama alipiga kila mara.

"Uliniona leo?"

"Nilikuona, mama."

"Nilikuwa na nini?"

"Kitambaa chako cha manjano."

Alicheka kila mara kama ni mara ya kwanza. Na mimi nilirudi kupima misumari. Ukiniuliza uchovu ni nini, sitakuambia ni kubeba simiti. Uchovu ni kuwa na furaha ya mtu mwingine mkononi na kujua huwezi kuiweka popote.

Basi ikafika Jumatano moja ya mvua. Mawingu yalikuwa chini sana. Niliusikia mlio, ukapita, nikahesabu. Simu haikuja. Nikamuuzia mteja kufuli, nikamkatia mwingine waya. Zilipita kama dakika arobaini ndipo simu ikaita. Mama.

Nyuma yake nilisikia watu wengi, watoto, mtu akipiga kelele watu warudi nyuma. Nikadhani yuko sokoni.

"Uko wapi, baba?"

"Nimetua sasa hivi, mama. Mvua ilikuwa nyingi lakini nimefika salama."

"Ulipita Kiganjo?"

"Nilipita."

"Uliniona?"

"Nilikuona, mama. Na kitambaa chako cha manjano."

Nilimsikia akivuta pumzi kupitia puani, polepole, kama mtu anayeinua sufuria ya moto.

"Haya, baba," akasema. Akakata.

Nekesa alinipigia baada ya hapo. Hakunitukana, na hapo nikajua ni mbaya. Alinieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Mama alikuwa amesikia mlio, akatoka kwenye mvua, akapunga. Mlio ukabadilika. Helikopta ikatoka kwenye wingu ikiwa imeinama, ikapita juu ya paa za ploti, ikashuka kwenye uwanja wa shule iliyo karibu. Ilitua kwa kishindo, mkia ukavunjika. Mama alikimbia peku, Nekesa nyuma yake. Pale langoni walimu walikuwa wamezuia watu, lakini waliomfahamu wakapaza sauti, "Mpisheni! Huyo ni Mama Rubani!" Umati ukagawanyika, akapita katikati.

Rubani alikuwa ameketi kwenye nyasi, mtu wa makamo, nyusi imepasuka. Hakuna aliyekufa. Mama alimtazama, akatazama ndani ya helikopta, akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Mwenzako yuko wapi?" akamuuliza.

"Nilikuwa peke yangu, mama."

"Basi mwanangu yuko salama. Yeye pia ni rubani wa hizi." Akamtajia jina langu.

Yule mtu alifikiri. Mama akatoa simu akamwonyesha ile picha yangu, akidhani pengine jina amelisahau. Rubani aliiangalia kwa muda mrefu, damu ikimwingia jichoni.

"Mama," akasema, na Nekesa anasema aliyasema kwa upole sana, "sisi wa helikopta hapa Kenya si wengi. Tunajuana wote. Huyu simjui."

Watu wote walikuwa wamesogea wasikie. Wapangaji, muuza mboga, walimu. Mama alifungua kitambaa chake cha manjano kichwani, akakikunja, akamfunga yule mtu kwenye kidonda. Alikaza fundo vizuri. Ndipo akachukua simu akanipigia. Alisimama hapo, kitambaa kikiwa kwenye kichwa cha rubani wa kweli, na mimi nikamwambia nimekiona.

Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa huko ng'ambo, umefeli na unakariri maneno ya kuwaambia nyumbani, nisikilize. Utapata sekunde mbili tu. Ni pale uwanja wa ndege, au kwenye simu ya kwanza, kabla hawajaanza kuimba. Shuka. Utashuka kwa kasi, utaona ardhi inakuja. Lakini kushuka huko kuna upepo ndani yake, utakushika. Usivute juu kama mimi. Kimo unachokilinda si chako, umewapandisha watu wengine nacho, na wao ndio watakaoanguka. Na wewe mzazi, mtoto akirudi, muulize kabla ya nyimbo.

Sikwenda Kiganjo Jumapili iliyofuata. Mama alikuja yeye. Nekesa alikuwa amemwelekeza. Alibisha nikiwa nimevaa fulana, beseni la nguo miguuni, shati jeupe limetundikwa kwenye kiti changu kimoja. Alilitazama, hakuliondoa. Akaketi kitandani. Kichwa chake kilikuwa wazi, na ndipo nilipoona jinsi nywele zilivyokuwa zimebadilika kuwa nyeupe.

"Uliua mtu huko?"

"La, mama."

"Uliiba?"

"La."

"Sasa ulishindwa na nini kuniambia?"

Nikamweleza habari za wenzo na sekunde mbili. Nilieleza vibaya, lakini alisikiliza hadi mwisho.

"Siku za mvua," akasema, "nilikuwa nafunga. Nikiona wingu limelala juu ya Thika na mlio sijausikia, sili kitu hadi unipigie kwamba umefika. Kuna wiki moja mvua ilinyesha siku nne."

Nilikumbuka wiki hiyo. Nilikuwa dukani, tunauza mabati kwa wingi. Sikumpigia hadi Ijumaa.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe njiani. Si hilo." Alipangusa goti lake, ingawa halikuwa na vumbi. "Wananiita bado. Jana muuza mboga ameniita Mama Rubani, kisha akaziba mdomo, akaniongezea nyanya mbili. Sasa niambie wewe uliyenipa jina hilo. Kesho nikitoka nje, niitwe nani?"

Nilitafuta jibu. Bado nalitafuta, ndiyo sababu naandika.

Mama alivuta karibu kikapu alichokuja nacho. Akatoa humo sufuria ndogo iliyofungwa kwa leso, kuku wa Jumapili, bado wa moto, akaiweka mezani na kusukuma makopo yangu kando. Akaniambia nile kabla chakula hakijapoa. Pale mlangoni aliinua macho kidogo angani, kama mtu aliyezoea, akayarudisha chini. Akatoka, akaufunga mlango taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.