Kilima cha Skarvik na Gari Lisilonguruma

Niseme mapema: mimi sipendi magari. Nimeuza kahawa na svele, zile chapati zetu nene za maziwa, kwenye kantini ya feri ya Skarvik tangu nywele zangu zikiwa nyekundu, na ukikaa pale kwa muda wangu utachoshwa na wanaume wanaosimulia injini namna watu wengine wanavyosimulia wajukuu. Lakini shemeji yangu Eilert ni mtu wa magari, na habari zake huwezi kuzisema bila kukitaja kilima. Kwa hiyo mimi nitavumilia, na wewe uvumilie.

Eilert Myklebost alimuoa dada yangu. Baadaye dada yangu akamwacha, akahamia Hispania na muuza mapazia, na sisi tuliobaki tumeendelea kuitana shemeji kwa sababu hakuna aliyetuambia tuache. Ana gereji nyuma ya duka la ushirika. Mikono yake haijawahi kutakata sawasawa, hata siku ya kipaimara cha binti yake alikuja na kucha nyeusi, akazificha chini ya kitabu cha nyimbo. Tena ana gari jekundu la silinda nane alilolijenga mwenyewe, msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi, kwa vyuma alivyovifuata hadi Uswidi. Likiwashwa kwenye feri, vikombe vyangu vinatetemeka, nami humtukana kupitia dirishani. Hucheka tu.

Sasa kilima. Ukitoka kwenye feri upande wetu unapita mbele za nyumba za watu polepole, mwendo wa hamsini, kwa adabu. Nyumba zikiisha kuna kibao cha themanini, na hapo hapo barabara inapanuka, zinakuwa njia mbili za kupanda: malori yakae kulia, wenye haraka wapite kushoto. Juu, kabla ya handaki linalopenya mlima, njia zinarudi kuwa moja, na baada ya hapo hakuna pa kumpita mtu hadi mjini. Ukipanda nyuma ya trela la samaki, utawanusa hao samaki njia nzima. Kwa hiyo watu wa Skarvik, wazee kwa vijana, wakifika kwenye kile kibao damu inawachemka. Kuvuka themanini hatuvuki, polisi wa huku hawana mzaha, wanachukua leseni na mshahara kwa pamoja. Mashindano ni nani atafika themanini kwanza.

Na mashindano yana heshima yake. Mchokozi ndiye anayeanza. Kwenye kibao anashusha gia, injini yake inalia, na aliyechokozwa akiusikia ule mlio ndipo naye anajibu. Hamtazamani, mnasikilizana. Anayetangulia kujibu kabla ya kuchokozwa anaonekana mtoto, hata kahawa watu hawanywi naye. Eilert alikitawala kilima kile tangu ujana wake kwa sababu ya masikio yake. Mwenzake akigusa tu klachi, yeye amekwisha jibu.

Halafu yakaja magari ya umeme. Wa kwanza kumpita Eilert kilimani alikuwa mchungaji wetu, mtu mpole anayeogopa hata mbwa wa jirani. Wa pili alikuwa yule nesi anayezungukia wagonjwa majumbani, huku anakula ndizi. Wote walimpita kimya kimya, bila kumchokoza, pengine bila hata kujua kuwa wanashindana.

"Yule mchungaji alipandishwa na Roho Mtakatifu," Eilert aliniambia kantini. "Ile si betri."

"Na nesi je?"

"Shemeji, nipe kahawa yangu."

Tulimcheka, lakini mimi niliona. Alianza kuvuka na feri za asubuhi sana, zile zisizo na watu.

Ingunn ni binti yake, wa pekee. Alikulia ndani ya gereji ile, akasomea ufundi mjini, akarudi kufanya kazi na baba yake. Nilidhani wale wawili hawataachana mpaka kufa. Lakini Ingunn alirudi na mambo mapya. Alitaka gereji ipokee magari ya umeme, inunue vifaa, ivunje ukuta mmoja. Baba akasema ukuta wake hauvunjwi. Wakazozana majira yote ya baridi. Mwezi wa nne Ingunn akaniletea habari kantini: kuna karakana kubwa ya magari ya umeme Bergen, wanamtaka, na wanangoja jibu Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano.

"Baba yako unamwambiaje?"

"Anajua, mama mdogo. Ameniambia Bergen mvua nyingi."

Basi, ndiyo alivyo Eilert. Mtoto anaondoka, yeye anazungumzia mvua. Mtu alikwisha achwa mara moja akabaki anakula supu ya kopo amesimama, na bado hajajifunza kusema neno "kaa".

Na katikati ya ugomvi huo Ingunn akajinunulia gari. Kigari cha michezo cha umeme, cha watu wawili, cha kijivu, kimelala chini mpaka ukikiingia ni kama unaingia kwenye beseni la kuogea. Alikinunua kwa daktari wa meno aliyeumwa mgongo. Siku ya kwanza kukivusha kwenye feri, vijana walikizunguka wakapiga picha, na baba yake akapita pembeni anatazama milima.

Ikafika Jumamosi ya kabla ya Jumatatu ile. Mwezi wa tano, miti ya tufaha inachanua chini na theluji bado iko juu, na feri imejaa. Kwenye sitaha gari jekundu lilikuwa mbele mstari wa kushoto, na la kijivu mbele mstari wa kulia. Wakapanda kantini wote wawili, wakanunua svele, kila mmoja yake, wakakaa meza moja. Watu wakaacha kutafuna.

"Basi na tumalize," akasema Eilert. "Leo, kilimani. Ukinitangulia kule juu, gereji ni yako, vunja ukuta, weka mitambo yako, mimi nitakufagilia sakafu. Nikikutangulia mimi, gereji inabaki ilivyo."

"Ukinitangulia nakwenda Bergen," akasema Ingunn.

"Ndiyo hivyo."

"Haya, baba."

Nilitaka kuwagonga vichwa. Watu wazima, mambo ya maisha yao wanayapeleka kilimani. Lakini huku kwetu ukishasema jambo mbele ya kantini nzima, umesema.

"Shemeji, vua hiyo aproni," Eilert akaniambia. "Unapanda na mimi. Wewe ndiye mwamuzi."

"Mimi nina wateja."

"Wateja wako wote wanakodoa macho. Twende."

Nikampa aproni msaidizi wangu, nikashuka. Ndani ya gari lile jekundu mnanuka petroli na ngozi ya zamani. Feri ikagusa gati, lango likafunguka, tukatoka. Tulipita mbele za nyumba hamsini kamili, sisi kushoto na Ingunn kulia, sambamba. Madirisha ya Eilert yalikuwa wazi yote mawili kama kawaida yake. Mikono yake ilitulia, lakini kwenye shingo niliona mshipa unacheza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa, na anachokiogopa si kushindwa. Akishinda, mtoto anaondoka. Akikubali kushindwa kwa makusudi, amedanganya kilimani, na Ingunn atajua. Maskini, alikuwa amejifunga mwenyewe kwa kamba yake.

Tukakifikia kibao.

Ingunn ndiye aliyetaka mambo yabadilike, kwa hiyo ndiye mchokozi, ndiye wa kuanza. Eilert akainamisha kichwa, sikio upande wa dirisha langu, kidole kwenye gia, anasikiliza. Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Kile kigari kilikuwa hapa ubavuni, naona nywele za Ingunn, naona hereni yake. Halafu hakipo. Hakikulia, hakikutetemeka, hakikutoa hata moshi wa kutuaga. Niliona taa zake za nyuma kule mbele, ndogo, na njia ya kulia tupu. Nimeishi miaka yangu yote kando ya barabara ile na sikuwahi kuona kitu kikiondoka namna ile.

Eilert bado alikuwa ameinamisha kichwa.

"Bado hajaanza?" akaniuliza.

"Eilert," nikamwambia, "amekwisha fika."

Akageuza uso mbele. Akashusha gia, akakanyaga mpaka chini, na jekundu likanguruma kwa nguvu zake zote, ile ngurumo iliyokuwa ikiamsha watoto Skarvik nzima. Tulipanda vizuri kabisa. Tulipanda peke yetu, kwa kelele nyingi, na nilimwonea huruma yule mzee nikatazama nje.

Juu kuna maegesho, kabla ya handaki. Ingunn alikuwa amesimama nje ya gari lake, mikono mifukoni. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Eilert akazima injini, akashuka. Akakizunguka kile kigari. Akapiga goti, akachungulia chini yake kutafuta sijui nini, ekzosi labda, akainuka.

"Nipeleke," akasema.

"Wapi, baba?"

"Chini mpaka tulipoanzia, halafu urudi nami. Feri imekwisha shusha, barabara ni tupu."

Wakaenda. Mimi nikabaki na gari jekundu, linapoa, linalia tik tik. Baada ya muda nikawaona kule chini wanakifikia kibao. Nilikuwa najua nini kitatokea na bado mwili ulinisisimka. Walipanda kile kilima kwa mlio wa matairi na upepo tu. Kulikuwa na ndege anaimba juu ya uzio na hakuacha kuimba walipopita. Loo, nilisema peke yangu. Mimi nisiyependa magari.

Eilert alishuka ameshika mlango. Akakaa juu ya chuma cha uzio wa barabara. Alikuwa mweupe, halafu mwekundu, na macho yake yalikuwa ya mtoto mbele ya mti wa Krismasi.

"Torbjørg," akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hafanyi, "tumbo langu limebaki kule chini."

"Tutalifuata."

"Usinitanie. Sikiliza. Tangu nina miaka kumi na minne nafungua injini. Nasugua, nachonga, napunguza hapa, naongeza pale. Unajua nilikuwa natafuta nini humo? Hicho. Hicho tu. Ukanyage tu, na mwendo uwepo papo hapo. Sikuwahi kukipata, nikasema basi, hakipo duniani, binadamu hapewi. Na kumbe kipo. Kipo na kimekaa kimya, Mungu wangu, kimekaa kimya kabisa."

Akajifuta uso kwa mkono wake mchafu, ukabaki na mstari mweusi shavuni.

"Haya," akamwambia binti yake. "Umenishinda kihalali. Jumatatu wapigie watu wa Bergen uwaambie hapana. Na ule ukuta, nyundo iko nyuma ya mlango."

Ingunn alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nini tena?" akauliza Eilert. "Hutaki?"

"Baba, sikutaka kushinda."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nimekata shauri tangu kwenye feri. Nilikutazama unakula svele yako, watu wote wanakutazama, nikasema, kilima hiki ndicho kitu alichobakiwa nacho, sitamnyang'anya. Nikianza naondoa mguu, namwachia apite, mimi nakwenda Bergen. Nilikwisha panga hata nguo." Akakitazama kigari chake. "Nikagusa tu, baba. Nikagusa kidogo ili ionekane nimeanza. Nilipokumbuka kuondoa mguu, nilikuwa juu huku."

Eilert alikaa pale juu ya chuma, anamtazama binti yake, na niliona jambo lile linamwingia polepole mpaka likafika.

"Kwa hiyo lingekuwa la petroli," akasema, "ungepata muda wa kunihurumia."

"Ningepata."

"Nami ningekupita."

"Ndiyo."

"Ningefika hapa juu kwa furaha, napiga honi, na wewe unakwenda zako."

"Ndiyo, baba."

Akainuka. Nilidhani anakwenda kumkumbatia mtoto, na baadaye alimkumbatia, kwa muda mrefu, mpaka nikaenda kusoma kibao cha handaki. Lakini kwanza alikwenda mbele ya kile kigari, akaweka kiganja chake cheusi juu ya boneti, akainama kidogo, akakiambia asante.