Turubai ya Nyuma

“Nimesema iteremshe! Unataka nirudi kwangu shingo imepinda kama ya bata?”

“Nataka upumue, jirani. Asiyepumua hauzi.”

“Napumua vizuri sana, asante. Kinachoniua ni huo upepo wako. Unaingia kwako kwa nyuma, unapita kwangu, unanichoma hapa.” Stamena akajipiga kisogoni, palepale fundo la leso yake lilipokaa. “Hapa! Tangu asubuhi!”

Ilikuwa saa nne na nusu, siku ya kwanza ya gulio la kazi za mikono, na kipimajoto cha duka la dawa ng’ambo ya bustani kilikuwa kimeshapita digrii thelathini na sita. Vitomir mfinyanzi, mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa amekunja turubai ya nyuma ya kibanda chake na kuifunga juu kwa kamba. Vibanda vyao viligusana, na katikati palikuwa na pazia lililopanda mpaka kiunoni tu. Basi hewa ya mto Timok ikawa inaingia mgongoni kwa Vitomir, inazunguka vyungu vyake, inatokea ubavuni kwa Stamena. Hata kuku angeshukuru. Kwa Stamena ule ulikuwa upepo wa kupenya, na hakuna aliyezaliwa bonde lile la Timok anayehitaji kuambiwa upepo wa kupenya unafanya nini. Unakaza shingo, unaziba masikio, unashika figo. Mwanamke mzima hukaa kati ya madirisha mawili yaliyo wazi, akiinuka mdomo umekwenda upande. Mama yake Stamena aliuawa na upepo huo, ndivyo wote wasemavyo. Kwamba alikuwa na miaka themanini na minane, hilo hakuna anayelitaja.

Kwa hiyo yeye alijifungia. Turubai ya nyuma aliibana kwa vibanio vya nguo kuanzia juu hadi chini, na ndani humo akakaa na jozi mia tatu za soksi za sufu na vizibao arobaini, anafuma. Dawa yake ya joto ilikuwa jani bichi la kabichi chini ya leso. Kila saa alilibadilisha. Lile alilolitoa lilikuwa limeshalegea vizuri, ungeweza kulifungia nyama na mchele ukapakua.

Mgeni angeuliza, nani huyo anayeuza sufu mwezi wa saba? Anauza kwa sababu mwezi wa saba ndio wanaporudi watu wa Vienna, wenyeji waliohamia huko kutafuta kazi. Wanakuja na magari yao, wanaongeza ghorofa ya tatu kwenye nyumba ambayo hata ya kwanza hailaliwi, na kabla ya kuondoka wanawanunulia wajukuu kitu kinachonuka kondoo, wasije wakasahau kwao. Januari, sufu inapotakiwa miguuni, kijijini anabaki Stamena na theluji. Siku tatu za gulio ndizo zilizomnunulia kuni na dawa za presha, na ndizo zilizompa mdomo wa kumwambia mkwewe hapana kila alipotaka kumhamishia mjini kwenye chumba kimoja na mashine ya kufulia. Miaka ishirini na sita alikuwa akija, kibanda kilekile.

Mwaka huu kulikuwa na sheria. Mwaka jana msusi wa vikapu alianguka saa saba mchana, gari la wagonjwa likaja linalia, na televisheni nyuma yake. Kamati ya gulio ikaona haya. Asubuhi ile Neda, binti mwenye kusimamia gulio, aliisoma kwenye kipaza sauti: muuzaji atakayezimia kwa joto jina lake litafutwa, na mwakani nafasi yake atapewa mwenye nguvu zaidi. Alisoma bila kumtazama mtu, na kwa kutomtazama mtu kila mmoja akajua anatazamwa nani. Katika safu ile hapakuwa na wazee kuliko Stamena na Vitomir.

“Umesikia?” Vitomir alisema. “Wameturoga hao. Sasa tutazimia kwa woga.”

“Zimia wewe. Mimi nina kabichi.”

Sasa huyu mwenye kabichi, alipoona mfinyanzi hateremshi turubai, aliweka sindano zake chini na kwenda kwa Neda. Foleni ilikuwa ndefu. Muuza asali alilalamikiwa nyuki wake, choo kilikosa maji, wa mikanda ya ngozi alitaka umeme. Stamena aliwapita wote, kwa kuwa wao walilalamikia mali, yeye alilalamikia uhai.

“Mwanangu, mtu ananiua pale.”

“Nani tena, shangazi?”

“Vitomir. Kwa upepo.”

Usidhani Neda alicheka. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu, lakini alikuwa na mama pia, na mpaka leo hathubutu kutoka nyumbani na nywele mbichi. Alikuja akasimama kati ya vibanda viwili, hewa ikampita kisogoni, akainua ukosi wa shati.

“Mjomba Vitomir, ni kweli, huu ni wa kupenya. Iteremshe.”

“Mwanangu, upepo unaua polepole. Jua halina subira.”

“Usimsumbue jirani, mjomba. Ndiyo sheria ya kwanza hapa.”

Vitomir alifungua kamba. Turubai ikaanguka kwa kishindo, vumbi likaruka. Akarudi kwenye vyungu vyake, na Stamena, aliyekuwa amejiandalia majibu matano, akabaki nayo mdomoni.

Kufika saa saba kipimajoto kilisoma arobaini na moja. Lami ya njia ya bustani ilishika viatu. Wenye akili walikwenda kuketi mtoni na matikiti, wakabaki wauzaji na wale watu wa Vienna waliojipaka mafuta meupe puani. Stamena aliuza jozi mbili. Moyo wake ulikuwa unapiga masikioni, na namba za mishono zilimpotea, akafumua mstari, akaufuma tena. Hakusimama, maana alijua akisimama dunia itazunguka, na Neda alikuwa anapitapita na jalada lake. Alijiambia: siku mbili na nusu tu. Punda amebeba zaidi.

Kilichomshtua ni kimya.

Vitomir akiuza hukigonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kikiwa kizima kinalia kama kengele, kikiwa na ufa kinakohoa. Mnunuzi akisikia kengele anatoa pesa. Siku nzima ya gulio Stamena huisikia hiyo ngo, ngo, ngo, mpaka humkera. Sasa haikuwapo. Na mbele ya vyungu alisimama mama mmoja mwenye kofia kubwa, anauliza hewa, “Jamani, hapa anauza nani?”

Stamena alichungulia juu ya pazia. Vitomir alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono juu ya magoti, uso mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Na ulikuwa mkavu. Hilo ndilo alilolielewa mara moja. Marehemu mumewe alikuwa mkata nyasi, na kauli yake ilikuwa hii: anayetoka jasho mwache, ambaye jasho limekatika mkimbilie.

“Vitomir! Una mteja!”

“Mwambie Milunka ampimie,” akajibu, ulimi mzito. Milunka alikuwa mkewe, amezikwa miaka tisa iliyopita. Kisha akateleza ubavuni taratibu, kama gunia, akaangusha sufuria mbili za udongo, akalala katikati ya vigae.

Nitasema lililompita Stamena moyoni, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema baadaye. Lilimpita wazo hili: afadhali yeye kuliko mimi. Halikukaa, lilipita bila hata kuvua viatu, lakini lilipita. La pili likaja nyuma yake: nikiita watu, wamemfuta. Alijua maana yake. Mwaka juzi Vitomir alimwambia, wakinywa kahawa, kwamba tanuru lake sasa huliwasha kwa ajili ya gulio hili tu. “Nisipokuja hapa nitafinyanga kwa ajili ya nani? Kuku wanakula kwenye bati.”

Akamwambia yule mama wa kofia, “Dada, shika turubai ile, vuta juu. Vuta, usiogope!” Yeye mwenyewe akararua vibanio vya kwake, vikaruka huku na huku, akaikunja turubai, akalisukuma pazia la katikati chini. Hewa ikaja yote kwa mkupuo. Ikampiga kichwani, maana leso alikuwa ameivua kuilowesha, na jani la kabichi limeanguka miguuni. Alisimama katikati ya upepo wa kupenya, kichwa wazi, mwili umelowa jasho. Kama mama yake angefufuka wakati ule, angekufa tena.

Alichukua soksi. Zilizokuwa karibu ndizo nene kuliko zote, za rangi nyeusi na maua mekundu, kazi ya wiki nzima. Akazitumbukiza katika gudulia la maji la Vitomir, akamvisha zikiwa zinachuruzika. Jozi nyingine kwapani. Nyingine shingoni. Chupa ndogo ya rakia, pombe kali ya matunda, aliyoiweka kwa ajili ya jioni akammiminia kwenye paji, maana kule hata mtoto mwenye homa hupakwa rakia.

“Amka, wewe mzee wa vigae! Nahesabu mpaka hamsini. Usipoamka naita, na watakufuta, na shauri yako.”

Akahesabu. Midomo ya Vitomir ilitikisika, macho hayakufunguka. Ishirini. Ishirini na nane. Alifika thelathini na moja akaona hesabu ile ni upumbavu mtupu. Mtu anakufa hapa, yeye anampigia hesabu ya kibanda! Akaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti ile ya kuitia kondoo bonde la pili:

“Nedaaa! Lete watu! Lete machela!”

Walikuja mbio, vijana wawili wa Msalaba Mwekundu, Neda nyuma yao na jalada, na nyuma ya Neda safu nzima, kwa kuwa watu hawakosi nguvu za kwenda kutazama. Wakampima, wakamlaza vizuri, wakamwagia maji zaidi. Dakika tatu, nne. Ndipo Vitomir akafungua jicho moja, akaona turubai zote zimeinuliwa.

“Nani amefungua kote huko?” akanong’ona. “Mtaniua kwa upepo.”

Watu wakacheka, wa mikanda ya ngozi akacheka mpaka akafuta machozi. Neda hakucheka. Alikuwa ameshafungua jalada kwenye ukurasa wa majina, na kalamu mkononi.

“Shangazi Stamena. Wewe ulikuwapo. Alizimia, au alijilaza tu?”

Mlango ulikuwa wazi pale, na Neda ndiye aliyeufungua. Kusema alijilaza ilikuwa rahisi. Lakini yule kijana wa Msalaba Mwekundu alikuwa bado ameshika mkono wa mzee, anasubiri kujua amtendee kama mgonjwa au kama mlala usingizi.

“Alizimia,” alisema Stamena. “Hakujua hata mkewe amekufa. Mpimeni sawasawa.” Kisha akamgeukia Neda, na sauti ikapanda. “Na aliyemzimisha ni mimi. Turubai yake ilikuwa juu. Nililalamika mimi, ukaiteremsha wewe. Sasa kama ni kufuta, anza na Stamena, halafu fuata Neda, na Vitomir awe wa mwisho. Andika! Kalamu si unayo?”

“Shangazi, sheria…”

“Sheria imeandikwa na mtu aliyekaa ofisini. Ofisi yenyewe ina kiyoyozi, na hakiwashi, anaogopa shingo!”

Hapo hata Neda alitazama chini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na asubuhi ile alikuwa ameinua ukosi wake mwenyewe. Jasho likamdondokea kwenye karatasi, akafunga jalada.

“Sifuti mtu,” alisema. “Kamati nitajibu mimi.” Akaenda kwenye kipaza sauti, na gulio zima likasikia: kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja turubai za nyuma zote ziwe juu, na asiyetaka upepo ajifunge leso mbili.

Vitomir alipelekwa kupumzika chini ya miti, chupa ya maji ya chumvi mkononi. Stamena alikaa kwenye vibanda viwili, akauza vya huku na vya kule. Alijaribu kugonga vyungu. Ngo, vikalia, akashangaa. Mchana kutwa upepo ulimpita mgongoni, naye akawa anaingojea shingo ikaze, anaigeuza kulia, anaigeuza kushoto. Haikukaza. Karibu imuudhi. Alifikiri juu ya mama yake, na madirisha yaliyofungwa ya nyumba ile, na majira yote ya joto waliyoyakaa humo ndani kama mikate. Hakusema upepo hauui. Mtu hawezi kusema hivyo siku moja tu. Alisema tu kwamba yeye, kwa leo, haukumuua.

Saa kumi na moja na nusu Vitomir alirudi kwa miguu yake, polepole, soksi nyeusi za maua mekundu bado miguuni, zimekauka. Alisimama mbele ya meza ya Stamena kama mteja.

“Hizi ni bei gani?”

“Elfu moja na mia mbili.”

“Na zile za kwapani?”

“Elfu elfu.”

Alitoa pochi, akatoa noti, akazihesabu moja moja. Stamena alitazama ile mikono mpaka ikamaliza. Kisha akazisukuma noti zirudi upande wake.

“Weka pesa zako. Sufuria mbili zilivunjika kwa ajili yangu.”

“Sufuria hizo ni ghali kuliko soksi.”

“Basi bado unanidai.”

Vitomir alifikiri, akaifunga pochi, akavuta kreti yake akaketi.

“Sikudai,” alisema. “Lete kahawa.”