Saini ya Jovina

Siku ya mazishi ya Kristiana, kaka yake, Clemens, alisoma wasifu wa marehemu kwa dakika mbili. Alizaliwa Msanzi, alisoma, alifundisha somo la uraia, hakuolewa, hakuacha mtoto, aliugua figo. Watu wakaitikia amina, macho yakahamia kwenye masufuria. Nilikasirika mpaka nikasahau kulia. Mtu amefikiri miaka ishirini, halafu anamalizwa kama mwanafunzi mtoro kwenye ripoti ya muhula.

Mimi ni Dominika, mwalimu wa baiolojia. Tulipanga nyumba moja na Kristiana huku Malangali kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo yale ambayo Clemens hakuyasema nitayasema mimi.

Kristiana alisoma falsafa Dar es Salaam. Huku kwetu falsafa wanasoma mafrateri wanaosomea upadri, hivyo aliporudi akina mama wa jumuiya walimuuliza kama alitaka kuwa padri. Akawauliza, kwa upole kabisa, ni nini kingemzuia. Wakaanza kuzungumzia mbolea.

Swali lake lilikuwa moja maisha yote: mwili wa mwanamke ni wa nani? Hakulipeleka kwenye mikutano. Alilipeleka mahali wanawake wanapopepeta ulezi, akakaa chini, akachukua ungo na yeye. Namkumbuka siku moja na Mama Flavian, jirani yetu.

"Ulezi huu ni wa nani, mama?"

"Wa Baba Flavian."

"Nani kaupalilia?"

"Mimi."

"Na hiyo mikono iliyopalilia, ni ya nani?"

Wenzake wakacheka. Mama Flavian hakucheka. Aliendelea kupepeta, kisha akasema hilo swali angelifikiria. Usiku ule Kristiana aliandika kurasa saba. Madaftari yake yalijaa sanduku zima, na yote yalikuwa ya kitabu kimoja.

Darasani alikuwa moto. Aliwaambia wasichana kwamba mwili wako ni wako, hata mzazi amekutunzia tu. Walimpenda kuliko sisi sote, nami nilikuwa na wivu, nakiri.

Sasa nifike pale pabaya. Mwaka 2018 shule yetu, kama nyingine nyingi, ilikuwa ikipima wasichana mimba kila walipotoka likizo. Walipangwa mstari bwaloni, matroni anawabonyeza tumbo mmoja mmoja. Muhula ule matroni aliugua, na mkuu wa shule akampa kazi hiyo Kristiana, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa malezi. Tulibishana jikoni hadi chai ikapoa. Nilimwambia akatae. Akasema akikataa kazi atapewa mtu mwenye mikono mikali, afadhali yeye, angalau atawashika kwa heshima. Alijenga hoja nzuri sana. Kristiana hakuwahi kukosa hoja.

Basi akawashika kwa heshima. Alipofika kwa Jovina wa kidato cha tatu, mkono ukasimama. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni anatazama. Kristiana angeweza kusogea kwa msichana anayefuata. Badala yake alilitaja jina, na mimi, niliyekuwa nimeshika daftari, nikaliandika. Jovina aliondoka siku hiyohiyo na godoro lake kichwani.

Mwishoni mwa 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shule. Kristiana alimwandikia Jovina barua tatu, hazikujibiwa. Hapo ndipo alipoandika sura ile, siku ya bwaloni yote, bila kujificha. Mchapishaji wa Dar aliisoma, akairudisha akisema hicho ndicho kitabu, mengine yote ni maelezo. Ila alitaka idhini ya binti mwenyewe, kwa maandishi.

Kwa hiyo mwaka juzi Kristiana aliteremka Kasanga, kwao Jovina, na ile sura na fomu ya idhini kwenye mkoba, akivua sweta njiani kwa joto la ziwani. Yaliyotokea huko alinisimulia mara moja tu.

Alimkuta Jovina akigeuza dagaa juu ya chanja, na kitoto cha miaka mitano pembeni yake.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu."

Jovina akamletea kigoda, akanawa mikono, akaisoma sura yote akiwa amesimama. Ilikuwa kurasa ishirini na mbili. Alipomaliza alirudisha ukurasa mmoja nyuma.

"Hapa umeandika nililia. Sikulia, madam. Aliyelia ni wewe."

Kristiana akasema atasahihisha.

"Usisahihishe. Sitaki isomwe." Sauti yake haikupanda. "Mkuu wa shule kunifukuza hakukuniuma, yule nilimjua. Wewe ulituambia mwili wangu ni wangu, nami nikaamini, halafu ukanishika tumbo mbele ya wenzangu. Sasa umekuja kuchukua na habari yake. Hii nayo ni yangu."

Alizikunja zile kurasa, akaziweka chini ya kitenge chake, akarudi kwenye dagaa. Kristiana hakuwa na nakala, na hakuziomba.

Mchapishaji alipiga simu mara nyingi. Kristiana hakupokea. Sanduku la madaftari lilisukumwa chini ya kitanda na halikufunguliwa tena.

Jioni ile aliporudi kutoka Kasanga nilimpa uji, akashika kikombe bila kunywa. Nikamuuliza, "Ulipomwomba msamaha, alijibuje?"

Akakiweka kikombe chini.

"Sikumwomba, Dominika. Nilikwenda kuomba saini."

Tulipanga tuteremke wote wawili mvua zikikatika. Zilipokatika, Kristiana hakuweza tena kusimama. Barabara ya Kasanga siku hizi ni lami tupu, unatoka asubuhi na jioni umerudi. Jina la Jovina bwaloni niliandika mimi, kwa mkono wangu, na mimi bado sijaenda.