Mkulima Anambeba Punda

Katika seminari niliyosoma huko Mbozi, padre wetu wa Kilatini alitusisitizia jambo moja: ukitafsiri, angalia mwisho wa kila nomino, ndipo utajua nani katenda na nani katendwa. Mimi sikuangalia mwisho wa chochote. Nilitumia akili ya nyumbani. Sentensi ya zoezi ina mkulima, ina punda, ina kubeba. Sasa hapo cha kuuliza ni nini? Nikaandika: "Punda anambeba mkulima."

Padre akaikata sentensi yangu kwa wino mwekundu. "Mkulima ndiye anayembeba punda."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. "Padre, mkulima gani huyo? Kwetu hayupo!" Jibu hilo lilinipatia wiki nzima ya kupalilia kahawa ya seminari.

Likizo nikarudi nyumbani, Itaka. Siku ya kupeleka kahawa kwa mnunuzi, punda wetu alifika kwenye daraja la magogo akagoma. Baba alimbembeleza kwa Kinyiha, akamtukana kwa Kiswahili, kisha akashusha magunia, akainama na kuingiza bega chini ya kifua cha punda.

"Unaduwaa nini? Shika nyuma!"

Nikashika. Punda akarusha teke, na sote watatu tukatumbukia mtoni.

Tukiwa tumekaa kwenye matope, nikamwambia Baba kwamba hata seminari tunafundishwa habari za mkulima kumbeba punda.

Baba akajipangusa uso.

"Sasa kama mnafundishwa, mbona hujui kushika?"