Tuta Nililolijenga Kwenye Mikoko ya Mwende

Niliondoka Muthetheni, Machakos, kwa sababu moja tu: kumrudisha binti yangu nyumbani. Mwende alikuwa ameacha kazi ya kiwandani Mavoko akaenda Kilifi kujiunga na kikundi cha kujitolea, watu wanaolinda hifadhi ya mikoko na kupanda upya sehemu iliyokatwa. Bila mshahara. Mtu mzima mwenye cheti chake, apande miti kwenye matope bure? Nikamwambia mke wangu, Kalunde, hapo kuna kitu. Kuna mtu anajitafutia ardhi ya pwani kwa jasho la watoto wa wenzake.

Saa mbili asubuhi nilipanda basi pale Kyumvi. Njia nzima, kutoka Sultan Hamud mpaka Voi, nilikuwa nikipanga maswali kichwani. Abiria wa kando yangu alinikaribisha njugu, nikakataa. Siku hizi huwezi kujua.

Kilifi nilifika jua likielekea kushuka. Mwende alinipokea stendi akicheka, pamoja na Salim, mratibu wa kikundi, mtu wa makamo mwenye maneno matamu.

"Karibu sana, Baba Mwende. Hapa ni kwenu."

"Kwetu ni Machakos," nikamjibu. "Nimekuja kuchukua mtoto."

Alicheka tu, akanibebea mkoba. Hata heshima yake niliitilia shaka.

Alhamisi asubuhi, maji yalipokupwa, Mwende alinionyesha kipande cha ufuo alichokabidhiwa. Miche midogo ilikuwa imesimama kwenye matope, kila mmoja na majani machache. Waliopanda hapo kabla yake walishindwa.

"Baba, hii ikishika, mimi nabaki," akasema. "Ikikufa, hapa patapewa mtu mwingine, na mimi nitarudi na wewe."

Nilimwuliza ardhi ni ya nani. Ya serikali, akasema, na kikundi kiko na kibali. Nani amekiona hicho kibali? Na huyo Salim anakula nini? Nilimhoji mpaka akachoka kujibu.

Ijumaa mchana wenzake walikwenda msikitini, naye Mwende akaenda kupika. Nikabaki peke yangu na jembe. Sasa, mtu wa kwetu akiona maji yakibeba udongo, mikono inamwasha. Tumelelewa kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo majirani hutoka na majembe kuchimba matuta shamba baada ya shamba, mvua isije ikabeba udongo. Nilipoona maji yakivuta matope kutoka miguuni mwa miche ya binti yangu, roho iliniuma. Nikachimba mtaro, nikajenga tuta refu upande wa bahari, nikalipigapiga likashikana. Naam, mimi niliyekuja kumchukua, nilitaka miche yake ishike. Sikumwambia mtu.

Jumamosi kikundi kizima kilikuwa upande wa pili wa hifadhi, kikifuatilia wakata miti. Jumapili mimi na Mwende tulikwenda kanisani.

Jumatatu asubuhi tulikuta miche imelala, majani yamegeuka kahawia. Nilichemka. Nikamnyooshea Salim kidole mbele ya wote.

"Ni wewe! Unataka hapa apewe mtu wako!"

Salim aliinama, akatia mkono kwenye maji yaliyotuama, akalitazama tuta.

"Nani alojenga hili? Maji ya bahari huja yakenda. Haya yameingia, hayana pa kutokea. Jua limeyapika, na miche imo humo humo."

Nikasema ni mimi.

"Si ndiye alokuja kumchukua mwanawe?" akauliza mama mmoja wa kikundi.

Wote wakanigeukia. Nilieleza habari za Machakos, za mwethya, za mvua na udongo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Shahidi sikuwa naye.

Mwende alikuwa amepiga magoti, ameshika mche mmoja.

"Baba alitaka kunisaidia," akasema. "Mimi namwamini."

Hakuniuliza swali hata moja. Alichukua jembe akalikata lile tuta, maji yakaanza kutoka. Salim akaamua kipande kibaki kwa Mwende, apande tena.

Jumanne nilipanda basi peke yangu. Nilikuwa nimemwomba Salim msamaha, naye akanifungia samaki wa njiani. Nililia basi lilipokaribia Mackinnon, sioni haya kusema. Kushukiwa kunauma, nimekuonja sasa. Ila kilichoniumiza zaidi ni kuaminiwa na mtu niliyemhoji kama mwizi tangu nilipofika.

Nyumbani, Kalunde alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, Baba Mwende, ulimwambia unamwamini?"

Nilikuwa nimekumbuka kumwomba radhi Salim, kikundi kizima, hata yule mama. Mwende alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi, nami nikamwambia, "Jichunge na hawa watu."