Wifi Aliyekuwa Anafumua Nywele Kila Wiki

Nilimsuka wifi yangu Jumamosi. Kutwa nzima tumekaa, mpaka mgongo ukaniuma.

Jumatano akarudi, akakaa kwenye kiti, akaniambia nifumue.

Zote.

Nywele hazijachoka, hazijaota, hata kichwa hakijaanza kumwasha. Nikamuuliza kama hajazipenda. Akasema amezipenda. Nikamuuliza kama nilimbana. Akasema hapana. Basi tatizo nini? Akawa ananiangalia tu kupitia kioo.

Nikafumua huku nimevimba kwa hasira. Wasusi wenzangu mtanielewa. Kazi yako ikifumuliwa hata wiki haijaisha, ni sawa na kumpikia mtu akaonja kijiko kimoja, akasukuma sahani mbele za wageni.

Tena mimi mwenyewe sina dogo. Mteja akiongea na simu huku namsuka, nanuna. Akigeuza kichwa nimemwambia atulie, nanuna. Ukikanyaga nywele nilizokusanya nifagie, siku hiyo tumekosana. Saluni yetu tuko wawili, mimi na Mama Pacha, kila mtu na kiti chake, na yeye hunitania kwamba kichana kikikaa upande mimi hata kula siwezi.

Ni kweli. Lakini kuna mengine huwa nayaacha yapite, na aibu yangu iko hapo.

Huyu wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alinisomesha ususi, akanitafutia chumba cha saluni, kuta akazipaka rangi kwa mikono yake. Mama akiumwa, anayemkimbiza hospitali ni yeye. Mpole, mcheshi, mtaa mzima unampenda. Ukimsema vibaya mbele yangu, mimi na wewe tutagombana.

Sasa Jumatano ile, nilipofika kisogoni, kidole kikagusa ngozi tupu. Ukubwa wa kizibo cha soda, nywele hamna.

Nikamuuliza ni nani mwingine anayemsuka, maana huyo mtu anamharibu.

"Sisukwi na mtu mwingine, wifi," akasema. "Ni wewe tu."

Nikamwambia basi ni mawazo hayo, apunguze mawazo. Nikampaka mafuta, nikamsuka upya, mistari nikaipindisha ipite juu ya lile doa. Halikuonekana kabisa. Na nyie, acha tu niseme ukweli, nilijipongeza.

Wiki iliyofuata huyo tena. Fumua. Safari hii doa liko utosini, na ngozi ina vitone vya damu.

Jamani, mimi nimeshika vichwa vya watu nusu ya umri wangu. Nywele zilizobanwa na msusi huondoka mbele, kwenye paji na pembeni. Zilizoungua na dawa hukatika, shina likabaki. Zikitoka na mizizi yake katikati ya kichwa, hizo zimeng'olewa. Kuna mkono umeshika ukavuta.

Nilijua palepale. Na mkono ni wa nani, nilijua pia.

Nikajikausha. Nikajiambia mambo ya chumbani kwa watu hayanihusu. Nikajiambia, kaka yangu mimi? Labda alichokozwa. Nikachukua mafuta, nikapaka, nikasuka, nikaficha.

Akawa anakuja hivyohivyo, na mimi nikawa nakereka na kitu kimoja tu, kwamba ananiharibia jina. Wateja wakiona namfumua mtu yuleyule kila wiki, si watasema kazi yangu haidumu? Nikamlalamikia mama. Nikawalalamikia wateja. Nikalalamika mpaka kwa muuza vocha wa mlango wa pili.

Siku moja Mama Pacha akanivuta pembeni, akaniuliza kama kile kichwa nimekiangalia vizuri. Nikamkata hapohapo. Nilimwambia akae na kiti chake, mambo ya familia yangu aniachie mwenyewe. Hakurudia tena.

Halafu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke nizame.

Nikampigia kaka.

Nikamwambia mkeo ananichosha. Kila nikimsuka anarudi nifumue, wateja wanasubiri, mimi nitakula nini? Hebu ongea naye. Kaka akanisikiliza vizuri tu. Akauliza, "Kwa hiyo kila wiki anakuja kufumua kwako?" Nikasema kila wiki. Akacheka kidogo, akaniambia nisijali, hatanisumbua tena.

Nikakata simu roho imetulia.

Wifi akapotea. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikasema afadhali, kiti changu kimepumua. Hata kumpigia kumuuliza hali, sikumpigia.

Asubuhi moja akaingia, kitambaa kichwani, binti yao mdogo mgongoni. Ndani kulikuwa na wateja. Nikaanza kumwambia asubiri zamu yake kama wengine.

Hakukaa. Akafungua kitambaa.

Alikuwa amenyolewa mpaka ngozi, na amenyolewa vibaya, mikwaruzo ya mashine imezunguka masikio. Yale madoa yote niliyokuwa nayaficha yalikuwa wazi, na mengine ambayo sikuwahi kuyaona.

"Kaka yako amenishika akaninyoa," akasema. "Amenituma nikwambie hutasumbuka tena."

Mama Pacha akaacha kusuka. Mteja wangu akaweka simu mapajani.

Nikajikuta nasema, "Wifi, mimi sikujua."

"Ulijua." Hakupaza sauti. "Mama yenu nilimwambia, akasema nivumilie. Mtu ambaye mume wangu anamsikiliza ni wewe tu. Ningekueleza kwa mdomo ungesema namchafua kaka yako. Nikasema huyu ni msusi, ngoja nimwonyeshe kichwa. Kila nilipokaa kwenye kiti hiki nilikuwa nakuonyesha. Najiambia leo ataona, leo atamwambia."

Nyie, aibu niliyoipata siku ile sijui niiweke wapi. Unajua saluni ilivyo, kila unakogeuka kuna kioo. Sikuwa na pa kuangalia. Nilitamani anitukane, angalau nipate kitu cha kujibu. Hakunitukana.

Nikaanza kubabaika. Kaa kwanza wifi, nimpigie mama, tuite kikao, huyu kaka nitamsema leo hiihii. Akawa anafunga kitambaa chake taratibu, anamwangalia Mama Pacha.

Mama Pacha akavua aproni. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na begi kubwa lililoziba njia, na mimi tangu asubuhi nilikuwa nimelinunia. Akalibeba begani. Lilikuwa la wifi. Wakatoka wote wawili na mtoto, hakuna aliyeniaga.

Kumbe walikuwa wanazungumza siku zote hizo. Nilimwambia mwenzangu akae na kiti chake, na Mungu ambariki, hakunisikiliza.

Mchana kaka akapiga. Akauliza kama mke wake amefika kwangu. Nikasema amefika. Akauliza ameelekea wapi.

Nikamwambia sijui. Na sikuwa namficha, kweli sikujua. Mtu baki aliambiwa, mimi wifi sikuambiwa. Walifanya sawasawa, maana mara ya mwisho habari zake nilizipeleka kwa huyohuyo anayemkimbia.

Nikajikaza.

"Kaka, kichwa chake nilikiona. Nilikiona tangu mwanzo."

Akaongea kwa ule upole wake alionilea nao.

"Uliona, halafu ukanipigia kulalamika habari za kufumua. Mimi nikajua huna neno. Leo imekuwaje?"

Hapa ninapoandika bado natafuta jibu la kumpa.

Wifi na mtoto wako salama. Hilo ndilo pekee ambalo Mama Pacha ameniambia. Ni wapi, hasemi, na mimi siulizi. Mama amenuna, anasema eti kwa kumwambia kaka maneno yale nimevunja familia. Kwa kaka nimeacha kwenda.

Wewe unayesoma, najua kuna mtu anakukera kwa kitu kidogo ambacho hakiishi. Kabla hujamwita msumbufu, kaa naye, muulize anataka uone nini. Na kama tayari umeshaona, sema siku hiyohiyo, hata kama wa kumwambia ni mtu aliyekulea. Mimi nilichagua kukasirikia nywele, na wifi yangu akasikia kila siku nikizilalamikia huku kichwa chake nimekishika mkononi.