Nguzo ya Mforosadi

Mkono wa binti yangu ulikuwa nje, mwili wote ndani ya udongo. Niliushika. Ulikuwa bado na joto, nikaukamata mpaka ukapoa. Ardhi ilitikisika kidogo tu, baada ya adhuhuri. Majirani walitoka nje wakichekana kwa woga. Nyumba yetu ndiyo iliyoanguka, peke yake.

Mimi mtu wa Unguja, nimekuja Maskati mdogo, skuli sikuisoma sana. Nikaolewa na mtu ambaye asili yao Uajemi, kijiji kidogo milimani, na kila kiangazi tukienda kwa wakwe. Kijiji kimepanda mlima kama ngazi: paa la jirani wa chini ndio ua wako. Maji yanatoka mbali, kwa mfereji uliochimbwa chini ya ardhi na babu zao, ndugu wawili, wanasema, waliomkimbia mtoza kodi. Baadaye vijana wakahamia huku Maskati kuoka mikate na kuuza vitambaa, kijiji kikabaki na wazee na mikomamanga.

Mapaa yao ni ya udongo. Kila mwaka kabla ya theluji hupaka tabaka jipya juu ya la zamani. La zamani halikwanguliwi, kazi ya mababa hiyo, ukiikwangua umewavunjia heshima. Basi paa linanenepa tu, na katikati ya chumba inasimama nguzo ya mforosadi inayobeba uzito wote.

Shemegi yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyeikata nguzo ya nyumba yetu kule, ya wakwe. Alikuwa anamwoza mwanawe, akataka ukumbi mpana kama kumbi za matajiri wa Qurum, huku Maskati, gogo lisiwazibe wageni.

"Shemegi, hilo paa litakaa juu ya nini?" nilimuuliza.

"Juu ya ulimi wako, maana huo hauchoki!"

Watu wakacheka. Mume wangu, aliyekuwa akimshikia ngazi, naye akacheka.

"Nyie watu wa makuti," shemegi akaongeza, "mnajua nini habari za udongo?"

Mama mkwe akanivuta kanga. "Muache mwanangu, ndiye mkubwa."

Harusi ikafana. Kabla ya theluji wakapaka tabaka jingine, kama ada. Kiangazi kilichofuata binti yangu alijilaza mchana pale pale ilipokuwa nguzo, maana ndipo penye ubaridi.

Leo shemegi anakaa Qurum. Kila Idi mume wangu ananitoa kwetu Al Amerat, tunavuka mlima kwenda kumpa mkono. Shemegi ananimiminia kahawa, ananambia, "Qadari ya Mungu, shemegi." Na mume wangu anatazama kikombe chake.

Msumeno haukushikwa na Mungu. Uliushika wewe, shemegi, na huyu mume wangu akakushikia ngazi. Idi hii kahawa yako siitaki. Nnataka unijibu mbele ya wanao na wageni wako wote: nani aliikata nguzo ya nyumba aliyolala mwanangu?